Kukimbia Bila Kufukuzwa

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na usiku nilikuwa nikitoka kwenda kukimbia. Sikuwa nikiwahi mgonjwa wala kumkimbia mwizi. Nilikuwa nikiona raha. Hadi leo neno hilo linanitia aibu kuliandika, maana najua vizuri raha yangu ilimgharimu nani.

Wazo lilinijia Mbarara. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameungua mguu kwa uji wa moto, akalazwa hospitali ya Ruharo, nami nikapata pa kulala kwa dada mmoja wa kanisa aliyekuwa amepanga chumba karibu. Jioni moja tukitoka kumwona mtoto tulipishana na wanafunzi waliokuwa wakikimbia kandokando ya barabara, wamevaa kaptula, wanacheka. Nilimwuliza dada wanawahi wapi. Akasema hawawahi popote, wakifika mwisho wanageuza. Nilisonya. Sisi tuliotoka Kivu Kusini mguu niponye mwaka wa tisini na sita tulijua kwamba kukimbia ni kitu kinachokupata, kama malaria. Sijawahi kumwona mtu anayejitakia malaria.

Lakini tuliporudi Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, vijana wale hawakunitoka akilini. Usiku mmoja nilikuwa nikitoka mazoezi ya kwaya. Wenzangu walikata kona kwenda kwao, nikabaki peke yangu juu ya mteremko unaoshuka hadi nyumbani kwetu. Kulikuwa na mbalamwezi na upepo wa ziwani ulikuwa umepoa. Sikupanga kitu. Nilivua sapatu nikazishika mkononi, nikapandisha kikwembe juu ya magoti, na miguu ikaondoka. Vumbi lilikuwa baridi chini ya nyayo. Kwa miaka yote miguu ile ilikuwa imebeba dumu la maji, mtoto, kuni, gunia la mahindi. Usiku ule ilinibeba mimi tu. Nilifika chini nikiwa nacheka kwa sauti kama mlevi, nikalazimika kukaa kwenye jiwe mpaka kicheko kiishe, ndipo nikaingia ndani kwa adabu.

Ikawa mazoea. Mume wangu alikuwa fundi wa ujenzi huko Biharwe, alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, watoto na mama mkwe. Watoto wakishalala, nilimwambia mama mkwe naenda chooni. Tumbo langu lilikuwa na ugonjwa wa ajabu sana miezi ile, na yeye hakuniuliza hata siku moja.

Mama mkwe alikuwa mwembamba, mchache wa maneno. Tulipokimbia kwetu mimi nilikuwa na homa, hata kujibeba mwenyewe nilishindwa, na yeye ndiye aliyemfunga binti yangu wa kwanza mgongoni akatembea naye mpaka tulipopata pa kutua. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Alilala chumba cha mbele pamoja na watoto, amevaa nguo zake za mchana, na mimi nilidhani ni uzee tu unaomfanya asikie baridi.

Usiku wa kisa chenyewe nilikuwa nimekwenda mbali kuliko kawaida, njia ya kuelekea Rwekubo, na nilirudi kwa kasi nikapitia nyuma ya nyumba yetu badala ya mbele. Nilikwenda hadi karibu na choo, nikasubiri pumzi itulie, nikajifuta jasho. Kisha nikazunguka mbele. Mlango ulikuwa wazi. Mkeka wa watoto ulikuwa mtupu, blanketi halipo, na chungu cha maharage kilikuwa kimeondolewa mafigani.

Niliita kwa kunong'ona, maana hata mimi nilijikuta sithubutu kupaza sauti. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla sijasikia mahindi yanatikisika shambani.

Walikuwa wamechutama katikati ya shamba. Mama mkwe alikuwa amemfunga wa mwisho mgongoni, na kiganja chake kilikuwa kimeziba mdomo wa mtoto wa pili. Binti yangu mkubwa alikuwa amekumbatia chungu kifuani.

"Beko wapi?" mama mkwe aliniuliza, taratibu kabisa.

"Banani, mama?"

"Benye banakufatisha."

"Hakuna mutu, mama. Ni miye. Nilikuwa nakimbia."

"Unakimbia nini?"

Ningeweza kusema mbwa. Ningeweza kusema fisi, na angeamini, na kesho yake majirani wangenipa pole. Sijui kwa nini uongo uliokuwa ukinitoka kila usiku kuhusu tumbo ulinikauka mdomoni wakati ule nilipouhitaji.

"Bule tu, mama. Inanifurahisha."

Hakunikaripia. Aliuliza tena kama hakuna hata mtu mmoja nyuma yangu, nikasema hata mmoja. Akainuka kwa shida, ameshika goti. Nilitaka kumpokea mtoto, akakataa mpaka tulipokuwa ndani na mlango umefungwa. Mtoto alikuwa amekojoa, mgongo wote wa bibi yake umelowa. Binti yangu alirudisha chungu mahali pake, akanitazama miguu, halafu uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Asubuhi nilikifua kile kikwembe cha bibi yake nikakianika, nikakaa nacho mbali na watu.

Siku kadhaa zilipita. Ndipo akaniambia kwamba kama jambo lile linanifurahisha niende, ila nimwambie kwanza. Hebu fikiria kumwambia mama mkwe wako, usiku, kwamba unakwenda kukimbia. Nilimwambia. Na nilikwenda. Hapo ndipo ninapojionea haya kuliko popote, kwamba nilikwenda. Niliporudi nilimkuta amekaa karibu na mlango, mtoto yuko mgongoni amefungwa, amelala, miguu yake inaning'inia maana alikwisha kuwa mkubwa mno kubebwa. Nikamwomba alale, akasema atalala. Juma lililofuata nilikwenda tena nikamkuta vilevile. Nilijiambia atazoea. Nilijifanya sioni.

Jioni moja, jua bado lipo, akaja na mpango wake. Yeye ataingia ndani afunge mlango. Mimi nitakimbia kupita mbele na nyuma ya nyumba, nikitokea mbali, polepole na kwa nguvu, peku na nikiwa na sapatu, mpaka aijue miguu yangu. Akishaijua, akiisikia usiku hatashtuka. Alilieleza jambo hilo kama anayeeleza namna ya kupanda maharage, na mimi nikakosa pa kushika nikatae.

Basi nikakimbia. Majirani walikuwa nje wanapukuchua mahindi. Mwanakwaya mwenzangu aliuliza kama nimerogwa, mwingine akamjibu kwamba labda mume amepata bibi mwingine huko Biharwe. Nilijikaza. Kikwembe kilinifunguka nikakidaka, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watoto wa mtaani walinifuata wakikimbia nami, ikanibidi niwafukuze, maana walikuwa wanachanganya mlio. Kukiwa bado kweupe hakuna giza la kumsitiri mtu. Na bado, nikisema kweli yote, nilipokuwa nikipita mara ya tatu, huku machozi ya aibu yakinilenga, raha ile ilianza kuja. Nikazidi kujichukia.

Nilipogonga alinifungulia. Alikuwa amekaa sakafuni, sikio ukutani, na shavu lake lilikuwa na vumbi la udongo wa ukuta. Akaniambia kwamba mguu wangu wa kuume unapiga kwa nguvu kuliko wa kushoto. Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nikamwambia sasa basi ataweza kulala.

Alijifuta shavu kwanza.

"Miguu yako nimeijua," alisema. "Lakini hata ile siku kule kwetu, ya kwanza kusikia ilikuwa ya batu yetu banakimbia. Nilijua ya kila mutu. Sasa nikisikia ya kwako inakimbia, nitajua namna gani kama ni furaha?"

Nilisimama pale mlangoni natiririka jasho, na nje wale watoto walikuwa bado wanaiga mbio zangu, wanakwenda na kurudi. Mama mkwe aliniagiza niote moto kabla jasho halijanikaukia mwilini, akaenda kuchambua mchele.

Usiku ule sikutoka. Nilimwambia mapema, mbele ya watoto, kwamba sitoki tena, nikaufunga mlango mwenyewe nikaegemeza benchi. Nikalala chumbani kwangu, na kwa upande wa pili wa ukuta nikamsikia anajigeuza, kisha anakaa, kisha anavuta kikwembe na kumfunga mtoto mgongoni. Nilimwita nikamwambia niko hapa, mama, niko ndani.

"Najua," alisema.

Aliendelea kukaa.