Mbawakawa Mwenye Pembe Moja

Nakala ya kusahihisha ya makala yangu ilinifikia Jumatano asubuhi, na mhariri wa jarida aliandika kwamba anataka majibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kurasa nne na picha tatu. Nilikuwa nimezingoja kwa miezi saba, na zilipofika sikuweza kukaa. Nilizichapisha, nikazisoma nikiwa nimesimama kando ya mashine, nikatembea nazo hadi dirishani, nikarudi mezani, kisha nikaenda kujaza chupa ya maji ambayo haikuwa imeisha.

Ninafanya kazi Beltsville, huku Amerika, katika chumba kirefu kilichojaa makabati ya chuma. Ndani ya makabati mna droo, na ndani ya droo mna mbawakawa waliokufa, kila mmoja kwenye pini yake. Wangu ni wa Amerika ya Kusini, wale wenye pembe ndefu. Watu wakiniuliza ninafanya nini siku nzima, huwaambia hivi: chukua mdudu mwenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, mpe pembe zinazoushinda mwili wake kwa urefu, halafu jiulize kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwandika. Jibu likiwa hapana, na uwe na hakika nalo, unamwandika wewe. Unaeleza rangi yake, mabawa yake magumu ya juu, miguu, vinyweleo. Unamlinganisha na wale wanaofanana naye. Unampa jina. Mdudu yuleyule uliyemtazama anawekewa lebo nyekundu kwenye pini, na tangu siku hiyo yeye ndiye shahidi wa jina hilo. Mtu akitaka kukupinga miaka mingi baadaye, hatahangaika na maandishi yako. Atakwenda kumtazama yeye.

Pembe zenyewe si pembe hasa. Ni vipapasio, vya kunusia na kutafutia njia, navyo vimeungwa kwa vipande kama mwanzi. Mara nyingi ni vipande kumi na kimoja. Cha kwanza ni kinene, ndicho kilichoshika kichwa. Cha pili ni kidogo mno, mfano wa ushanga. Cha tatu ni kirefu, na kuanzia hapo kila spishi ina namna yake. Ukishika hayo, umeshika nusu ya kazi yangu, na yaliyonipata wiki ile hayatakusumbua kuyaelewa.

Mbawakawa wa kwenye makala yangu alitoka Bolivia, katika misitu iliyo chini ya milima, na alikuwa peke yake. Hatukuwa na mwingine wa aina yake, wala sikumwona katika picha nilizotumiwa kutoka kwingine. Pembe yake ya kulia ilikuwa imepotea. Ya kushoto ilikuwa nzima: kwenye kipande cha tatu palikuwa na shungi la nywele nyeusi, limesimama kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Kuna mbawakawa mmoja wa Peru, aliyeandikwa zamani sana, anayefanana naye kwa umbo na kwa michirizi ya mgongoni. Yule wa Peru hana shungi. Kwa hiyo shungi lile ndilo lililomfanya wangu kuwa spishi mpya, ya kwanza kuandikwa nami peke yangu.

Jina nililompa ni la dada yangu.

Dada anaishi Temple Hills na anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Yeye ndiye aliyenitangulia huku, akanipokea, akanilaza kwenye kochi lake kwa miaka mitatu nikisoma. Kazini walimfupishia jina siku ya kwanza, kwa sababu msimamizi aliona wagonjwa hawataliweza lote, na beji yake mpaka leo ina herufi nne tu. Kanisani anaitwa mama wa fulani. Ukiondoa pasipoti, sijui ni wapi katika nchi hii jina lake limewahi kuchapishwa zima, bila kosa. Nilipompigia kumwambia kwamba ninalitaka lote, liandikwe kwa mtindo wa Kilatini na likae hapo, aliguna.

"Kwa hivyo sasa mimi ni mende," akasema.

"Si mende, dada. Ni mbawakawa."

"Anakula nini?"

"Akiwa buu anatafuna miti iliyokufa."

"Basi ni mimi. Hata mimi nimetafuna mengi magumu hapa."

Alijifanya hajali, lakini alimweleza kila mtu. Akina mama wa kanisa lao walipanga Jumapili ya wiki ileile iwe na chai baada ya ibada, na mmoja wao, mama wa Kikongo anayeoka keki nyumbani kwake, akanipigia Jumatano hiyo nikiwa bado ninazunguka na zile kurasa.

"Mama, niko nafanya gato ya dada yako," alisema. "Ule mududu iko na pembe ngapi?"

"Huwa na mbili. Lakini huyu wetu ana moja."

"Moja? Walimupiga?"

"Ilivunjika tu, mama."

"Hapana, nitamuwekea mbili. Watu watasema ni mie nilivunja. Na rangi ya pembe ni gani, noire ao maro?"

Nilifungua picha kwenye kompyuta ili nimjibu vizuri kama ni nyeusi au ya kahawia. Niliikuza, nikaikuza tena, nikifuata pembe kutoka kichwani. Mahali kipande cha kwanza kinapokutana na kile kidogo cha pili, niliona kitu kinachong'aa. Kilikuwa laini, cha rangi ya asali, mviringo kama tone. Nilimwambia nitampigia baadaye.

Ilikuwa gundi, na nilijua mkono ulioiweka.

Nilipoajiriwa, kabla sijawa mwandishi wa spishi yoyote, kazi yangu ilikuwa kukarabati. Tulipokea masanduku ya mbawakawa, huyu wa Bolivia akiwa mmoja wao, kutoka kwa familia ya mtu aliyekusanya wadudu maisha yake yote, na safarini masanduku yalikuwa yametikiswa vibaya. Miguu na pembe zilikuwa zimelala chini kama makapi. Kazi hii ina desturi moja ambayo mtu hufundishwa siku ya kwanza: kipande ambacho hukukiona kikivunjika kutoka kwa mdudu fulani, usikibandike. Kitie kwenye kidonge kitupu cha plastiki, ukichome kwenye pini chini ya yule unayemdhania, uandike lebo yenye alama ya kuuliza. Kubandika ni kuapa. Mimi nilifundishwa hivyo, na kwa wiki mbili nilifanya hivyo. Kisha nikaanza kuwahurumia wale waliokuwa hawana kitu, na nikaanza kujiamini. Nililinganisha unene na rangi, nikabandika. Walipendeza. Mwalimu wangu, mzee aliyestaafu lakini bado anakuja kila siku na sandwichi yake, alikuwa akinitania kwamba ninaweka gundi kama fundi anayeziba paa.

Jumatano hiyo sikumwambia mtu. Jioni nilizunguka ziwa la Greenbelt mara mbili, nikaingia nyumbani, nikatoka tena nikalizunguka mara ya tatu. Nilikuwa najipigia hesabu rahisi. Mdudu ni mmoja tu duniani. Picha ilishapitiwa na wataalamu wawili na hawakuona kitu. Nikirudisha nakala nikiwa nimesahihisha mikato, jina la dada yangu linatoka mwezi ujao, na huenda nitakufa kabla hajatokea mtu wa kuangalia pale. Pia inawezekana pembe ni yake mwenyewe, ilivunjika nami nikairudisha mahali pake kwa bahati. Nilijieleza hivyo kwa sauti, nikitembea, na mtu aliyekuwa anamfanyisha mbwa wake mazoezi akanipisha njia.

Alhamisi asubuhi nilimwita mwalimu wangu kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni gundi," alisema.

"Ndiyo."

"Ni nyingi."

"Ndiyo."

"Basi ni yako." Hakuinua kichwa. "Unataka kujua kilicho chini yake?"

"Sitaki. Lakini nimeshapasha maji."

Tulichohitaji kujua kilikuwa chepesi. Kila pembe ina ushanga mmoja tu, kile kipande cha pili. Kama pembe ilikuwa yake, gundi ikiyeyuka tungeona mahali palipovunjika, na ushanga upande mmoja tu. Tukikuta ushanga kwenye kichwa na mwingine kwenye pembe iliyotoka, basi nilikuwa nimeunganisha wadudu wawili.

Nilichovya brashi yenye nywele tatu katika maji ya vuguvugu, nikagusisha tone pale, tukangoja. Gundi ile huchukua kama dakika kumi. Nilisimama, nikaenda hadi mwisho wa makabati, nikafungua droo isiyonihusu, nikaifunga.

"Keti," alisema mzee.

"Nimeketi sana."

"Hujaketi tangu jana. Nilikuona kupitia kioo cha mlango."

Tone liligeuka jeupe, likavimba. Niliongeza jingine. Pembe ikainama polepole, ikalala juu ya karatasi niliyotandika. Nilitazama kichwani kwanza. Ushanga ulikuwepo, umekaa mahali pake juu ya kipande kinene, mkavu na wa kahawia. Kisha nikasogeza karatasi chini ya lenzi, nikatazama mwanzo wa ile pembe yenye shungi. Ushanga wa pili ulikuwepo pia, mweusi.

Mzee alitazama baada yangu. Aliondoa miwani, akaifuta kwa shati.

"Niliwahi kuandika spishi yenye kichwa cha mdudu mmoja na mwili wa mwingine," alisema. "Ilichapishwa. Kila akija mtaalamu mpya wa kundi lile, ananisahihisha upya, tena kwa heshima nyingi. Hiyo heshima ndiyo inayouma."

"Mbona hukuniambia, wakati ule nikibandika?"

"Nilikuambia. Nilisema unaziba paa. Ulicheka."

Pasipo pembe ile, mbawakawa wangu alikuwa ni yule wa Peru, aliyevuka mpaka bila kumwuliza mtu. Nilikaa kumwandikia mhariri. Barua ya kwanza ilisema kielelezo kilikuwa kimekarabatiwa vibaya siku za nyuma, kana kwamba ni upepo uliokikarabati. Niliifuta. Ya pili ilieleza mambo ya gundi na maji kwa aya tatu nzima. Hiyo nayo nikaifuta. Niliyotuma ilikuwa fupi: ninaiondoa makala yangu, pembe si ya mdudu huyu, niliibandika mimi. Nilibonyeza, na mara moja miguu ikataka kwenda.

Nilipanda gari nikafuata Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji, hadi Temple Hills, nimkute dada kabla hajaondoka kwenda zamu ya jioni. Alikuwa amevaa sare, anafunga viatu. Nilimweleza nikiwa mlangoni, na nilimweleza vibaya, nikianzia katikati. Aliniambia niingie, nianze upya. Nilichukua njiti mbili za meno mezani nikamwonyesha kiungo kinavyokaa, na ushanga unapokuwa, na kwa nini shanga haziwezi kuwa mbili.

"Nani aliibandika?" aliuliza.

"Mimi."

"Na ukinyamaza, nani angejua?"

"Pengine hakuna."

Alirudi kwenye kamba za viatu. Nilidhani amekasirika, na kwa kweli alikuwa amekasirika.

"Ungengoja hata Jumapili ipite," alisema. "Nimewaambia watu. Yule mama wa gato amelalamika kwamba jina langu halienei juu ya keki, nikamwambia atafute sinia kubwa zaidi."

"Naomba msamaha, dada."

"Najua." Alisimama, akabandika beji yake kifuani, akaitazama kwenye kioo cha ukumbini. "Kule kazini kwetu mzee akiteleza nikiwa zamu, hata kama hakuna aliyeona, naandika. Naandika saa na dakika. Kwa hivyo siwezi kukwambia ungeficha. Lakini usiniambie leo kwamba utanitafutia mwingine. Sitaki kuahidiwa mdudu."

"Sitakuahidi."

"Na keki italiwa. Jina ni langu, si la huyo wa Peru."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake. Alikuwa ameshaweka ufunguo alipoteremsha kioo.

"Wengine uliowabandika ni wangapi?"

Sikujua, na nilimwambia hivyo. Aliniangalia kama anavyowaangalia wauguzi vijana waliosahau kujaza fomu, akaondoka.

Jumamosi asubuhi jengo lilikuwa tupu. Nilitoa droo zote zenye mbawakawa wa masanduku yale, nikazipanga juu ya meza ndefu, nikapasha maji. Nilianza upande wa kushoto. Kwa wale wasio na gundi niliandika hivyo kwenye daftari, nikaendelea. Kwa wale wenye gundi niliweka tone, nikasimama, nikatembea hadi dirishani na kurudi, nikatazama. Wa tatu alikuwa na shanga mbili. Wa nne alikuwa na mmoja, na pembe ilikuwa yake kweli, nikairudisha kwa gundi kidogo kuliko zamani. Wa saba alikuwa na shanga mbili.

Kwa hao wenye shanga mbili nilitia pembe kwenye kidonge, nikakichoma kwenye pini chini yao, na kwenye lebo sikuweka alama ya kuuliza. Niliandika: si yake, ilibandikwa nami. Nikasogeza droo, nikachovya brashi, nikamweka wa nane chini ya lenzi.