Kura ya Wodi Namba Tatu

Daktari wa magonjwa ya akili hakuwa mtu wa kutulia kitini. Alisoma akitembea, alikula amesimama, na miwani aliitafuta ilhali iko usoni. Alikuwa mjamaa wa kufa na kupona. Wauguzi walimbandika jina la Ndugu Mapambano, naye, maskini, akadhani anasifiwa. Aling'oa makufuli ya wodi namba tatu, akapiga marufuku makoti meupe, na kila Ijumaa asubuhi wagonjwa na wafanyakazi walikaa duara moja wakaamua mambo kwa kura. Hata aina ya sabuni ilipigiwa kura.

Ijumaa hiyo ajenda ilikuwa moja. Mwenyekiti, kama wodi ilivyomwita mgonjwa aliyewahi kuongoza wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, alitaka kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kiwandani mgomo ulikuwa unanukia, na wenzake daktari katika chama chake cha siasa walishamtumia ujumbe mara mbili: tupe mtu wetu. Daktari naye alitaka hivyo hivyo.

Mwenyekiti akasimama kuhutubia. Wee! Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mikono ikapanda, wa daktari ukitangulia. Mmoja tu ulibaki chini, wa muuguzi mkuu, mama mtu mzima asiyetaka kusikia habari za siasa.

"Mama, mbona hupigi kura?" daktari aliuliza.

"Huyu hajalala tangu Jumatatu, mwanangu. Hebu nionyeshe ulichoandika kwenye faili lake."

Daktari akalifungua. Tangu Jumatatu, karatasi tupu. Akajipapasa mfukoni, akatoa daftari la makala zake za gazeti la chama. Maneno yote ya Mwenyekiti yalikuwa humo, neno kwa neno, kurasa kumi na saba, na kichwa cha habari kimeshapigiwa mstari. Ugonjwa ulipanda mbele ya macho yake, yeye akaunakili kama hotuba.

Akashusha mkono. "Ndugu zangu, kura hii naitengua. Haruhusiwi."

Wodi ikalipuka kwa kelele. "Dikteta!" mmoja alifoka, neno ambalo daktari aliwafundisha mwenyewe. Akamgeukia Mwenyekiti, tayari kwa matusi.

Mwenyekiti alikaa chini taratibu.

"Nimechoka, ndugu," alisema. "Siku zote hizi kila nikikuangalia ili uninyamazishe, wewe unaandika."