Kibuyu cha Nyanya

Rafiki yangu alipopatikana na saratani ya damu tukiwa kidato cha tatu, majirani zetu wa Kimumu walianza kumtaja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Nilikasirika sana. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la nne na sikuwa na mpango wa kulikalia peke yangu.

Kila Jumamosi nilikwenda kumwona wodini. Dawa zilikuwa zimemnyonyoa nywele na kumwondolea hamu ya chakula. Nesi alituonya sote kwamba asile kitu kibichi wala kitu cha kutoka nje, kwa kuwa mwili wake haukuwa na nguvu ya kupigana na viini. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Kisha rafiki yangu akaninong'oneza kwamba alichotamani ni mursik tu, na onyo lote likaniponyoka. Kwetu sisi, maziwa yale ya mgando ya kibuyu yenye unga wa mkaa hayaogopwi. Wanariadha wetu hupokewa nayo wakirudi na medali. Ningewezaje kuyaweka pamoja na vitu vya kuua?

Nyanya yangu wa kijijini Soy aligandisha maziwa ya ng'ombe wake bila kuyachemsha, kama alivyozoea maisha yake yote. Nilikificha kibuyu chini ya vitabu nikakiingiza wodini. Rafiki yangu alikunywa kikombe kizima, akabaki na masharubu ya kijivu, akacheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku ya tatu mama yake alinipigia simu. Homa ilikuwa imepanda ghafla na madaktari hawakujua chanzo.

Nilipofika, nilimkuta akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Mama yake alikuwa mlangoni akimwapia daktari kwamba mtoto hakula chochote ila uji wa hospitali. Rafiki yangu alinishika mkono, na mkono wake ulichoma.

"Usiseme," alisema. "Watakufungia nje. Nitabaki hapa na nani?"

Nilimwangalia, nikaogopa kumpoteza kwa njia zote mbili. Nikautoa mkono wangu, nikaenda mlangoni, nikamwambia daktari kila kitu, hadi maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe gani. Mama yake hakunigombeza. Ningependelea kofi.

Walimbadilishia dawa saa hiyo hiyo. Mimi nikakatazwa kukanyaga wodi ile. Nilimtumia ujumbe kila asubuhi na kila siku alama za kusomwa zikageuka bluu bila jibu. Darasani nilikaa pembeni mwa dawati, upande wake nikauacha wazi. Simu ya mtu yeyote ikilia, moyo ulinipasuka. Sikujua kama amenyamaza kwa hasira au kwa kuzidiwa, na sikuwa na uso wa kumuuliza mama yake.

Wiki ya tano ujumbe ukaingia.

"Homa iliisha kitambo. Bado niko na hasira na wewe. Nikitoka Friday uniletee ile kibuyu, lakini ikuwe empty. Nataka tu kunusa."

Nililia jikoni kwetu nikiwa nimekikumbatia kibuyu. Kisha nilifuta machozi, nikampigia mama yake kumuuliza kama harufu inaruhusiwa.