Pilipili Kichaa za Bibi Mwajuma

Wenzangu mliokulia Tabora miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, hamjaisahau baridi ya Julai. Tulikwenda shule pekupeku, jembe begani, midomo imepasuka kama udongo wa jaruba. Sweta alikuwa nalo mwenye mjomba anayefanya kazi reli. Nyumbani kwetu Mtendeni dawa ilikuwa moja: bibi yangu, Bibi Mwajuma, mama mzaa baba, alitwanga pilipili kichaa na chumvi na kitunguu saumu, akatia kwenye maharage. Tulikula hadi pua zikatiririka na masikio yakawaka.

"Moto wa kuni unapasha tumbo, mgongo unabaki na baridi," alikuwa akisema. "Huu unaanzia ndani."

Kisha baba, fundi mwashi, akapelekwa kujenga shule katika kijiji kipya upande wa Bukene, nasi tukahama naye. Bibi alipanda garimoshi na miche yake ya pilipili ndani ya kopo la samli, akaipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Jirani yetu huko alikuwa Mzee Masanja. Alihamishwa kutoka kwenye mji wake wa zamani, alikomzika mkewe, na tangu afike alijikunyata kibarazani ndani ya koti zito, hasemi, hali. Binti yake, Mama Shija, alimpikia ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Sahani ilirudi ilivyokwenda. Sisi watoto tulikatazwa hata kucheza rede karibu naye.

Jioni moja Mama Shija alikuja kwetu, machozi yanamlengalenga.

"Shikamoo, bibi. Baba anatuacha. Anatetemeka hata juani."

"Marahaba, mwanangu. Anakula nini?"

"Maji. Na uji, akibembelezwa."

Bibi akamwambia baba yangu amchinje jogoo wetu, na hatukuwa na mwingine. Akachemsha supu, akatia pilipili kwa kiasi, kisha akaenda kuketi mbele ya mzee. Nilimfuata.

"Mzee mwenzangu, nimekupikia kwa mkono wangu. Usipokunywa utakuwa umenivunjia heshima."

Mzee akanywa funda moja, kwa adabu tu. Akakohoa. Akanywa jingine. Jasho likamtoka juu ya mdomo, likapanda kwenye paji la uso. Akafungua kifungo cha koti, akafungua cha pili, mwisho akalivua kabisa.

"Mama wewe, umenitilia nini humu?"

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake. Machozi yalikuwa yakimchuruzika.

"Pilipili hii kali," akasema. Akafuta, yakaja mengine. Akaanza kumtaja mkewe, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na makaburi aliyoyaacha porini bila mtu wa kuyafyekea.

Bibi hakumkatisha. "Kali kweli," alijibu tu, kila alipopumzika.

Mzee alipokwisha kulia, alimgeukia binti yake aliyesimama mlangoni. "Mayu," alisema, yaani mama, kama Wanyamwezi wanavyowaita binti zao, "ugali upo?"

Mama Shija alikimbilia jikoni kama msichana mdogo.

Baada ya hapo tulikula sinia moja nyumba zote mbili, na Mzee Masanja alivua koti kabisa kabla ya kunawa mikono. Aliishi miaka mingi.

Leo mjukuu wangu ananisomea kwenye simu kwamba ndani ya pilipili kuna kitu kinachoudanganya mwili uhisi unaungua, basi damu inakimbilia kwenye ngozi, jasho linatoka, na mwili unatumia nguvu zaidi. "Bibi, inapunguza unene!" Amenunua vidonge vya pilipili, anavimeza na maji ili ulimi usiwashwe. Tena analipia ukumbi wa mazoezi akatoke jasho, na humo ndani kuna kiyoyozi. Nacheka sana. Enzi zetu huo unene wa kupunguza tungeutoa wapi?

Nikimaliza kucheka, namkumbuka Mzee Masanja. Kule kijijini mtu akiacha kula, jirani alichinja jogoo. Sasa naishi kwenye nyumba yenye geti, na wa ng'ambo ya ukuta sijui jana alikula nini, wala kama alikula. Naye hajui habari zangu.