Akisema Kabisa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa futi ya kupimia nguo, imening'inia shingoni kama mkufu. Alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alitoka kibandani mwake mbio mbio hata akasahau kuivua. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu katika masjala ya kliniki ya afya ya akili, nimetoka chuoni, shati limenyooka kwa pasi. Aliitazama kola yangu kwa huruma.

"Mwanangu, aliyekushonea hiyo kola atubu."

Nyuma yake alisimama mdogo wake, fundi saa wa miaka arobaini hivi, ambaye kila mtu alimwita Dakika. Alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani, pale ukumbini wagonjwa wanaposubiri.

"Hii mmeiweka pambo? Iko nyuma dakika ishirini. Mtu akiifuata hii atachelewa hata mazishi yake."

Nilicheka. Dada yake akaninong'oneza, "Akigomba hivyo, ujue ni mzima."

Alimlea Dakika tangu wazazi wao walipofariki. Aliwahi kuolewa, lakini mume alisema nyumba haitoshi watu watatu na maradhi, naye akamwambia basi apungue yeye. Ndugu hao wawili walifanya kazi kibanda kimoja: cherehani upande huu, meza ya saa upande ule, na pazia la kushusha katikati siku wakinuniana.

Kwa miaka tisa Dakika alihudumiwa na muuguzi mmoja, ambaye sote tulimwita Sista. Kila mwezi Sista alianza na swali lile lile: "Dakika, saa ngapi?" Naye hujibu, "Kwa saa yenu au kwa saa ya kweli?" Hapo Sista hujua pa kuanzia. Alikuwa amegundua kwamba Dakika mzima ni mtu wa kulalamika: mgongo, wateja, dawa zinazomkausha mdomo. Ugonjwa ukimnyemelea, anakuwa mpole. Anaketi mikono magotini, na ukimuuliza hali anasema, "Niko sawa kabisa." Akiwa mzima, neno hilo "kabisa" halimtoki. Kwa hiyo Sista aliandika kwa penseli, upande wa ndani wa jalada la faili lake: "Akisema kabisa, asirudishwe nyumbani."

Kisha Sista akahamishiwa hospitali ya mbali. Baada yake madaktari walikuja na kuondoka, kila mmoja miezi michache, na kila mmoja akasema, "Haya mama, tuanze mwanzo. Alianza kuumwa lini?"

"Jamani, tena?" yule fundi cherehani alimjibu mmoja wao. "Nikifa mtamuuliza nani, cherehani?"

Lakini alisimulia. Alisimulia mpaka mwenyewe akaanza kuchanganya miaka.

Siku moja majalada mapya yaliletwa masjala. Agizo lilikuwa kuhamisha fomu na kuyatupa majalada ya zamani. Niliifanya kazi hiyo kwa siku nne, nikasifiwa kwa unadhifu.

Mwezi uliofuata Dakika aliingia, akaketi, akaweka mikono magotini. Alipopita ukumbini hakuwa ameitazama saa ya ukutani. Daktari, wa sita huyo, alimuuliza hali.

"Niko sawa kabisa, daktari. Nashukuru."

Dada yake alisimama. "Amesema kabisa! Daktari, amesema kabisa!"

"Mama, hizo si habari njema?"

"Si njema! Angalia kwenye faili, ndani ya jalada, imeandikwa kwa penseli."

Daktari alilifungua. Lilikuwa jipya, jeupe, halina hata alama. Nje watu zaidi ya thelathini walikuwa wakimsubiri. Alipunguza dawa, akaandika tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu.

Siku ya kumi na moja Dakika alizifungua saa zote za wateja, akapanga vipuri vyake katikati ya barabara, akaketi hapo huku magari yakimkwepa. Dada yake alimkimbilia, akamshika mabega.

"Dakika, ni mimi."

Alimtazama kwa adabu. "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

Tangu hapo hajasema neno. Hii ni wiki ya tatu yuko wodini. Anakula vijiko viwili vitatu, tena mpaka dada yake akishike kijiko.

Nilimwendea fundi huko wodini, nikamwambia kwamba ni mimi niliyelitupa lile jalada. Alivuta ncha za futi yake, huku na huku.

"Uliambiwa utupe," alisema hatimaye. "Lakini mwanangu, hukusoma?"

Nilirudi masjala, nikaitafuta namba ya Sista katika daftari la uhamisho, nikampigia. Nilipomaliza kumweleza, nilisikia akifunua kurasa za ratiba yake.

"Alhamisi sina zamu," akasema. "Nitapanda basi la alfajiri. Tisa hivi nitakuwa hapo. Na mwambie dada yake asihangaike kunipikia."

Leo ni Alhamisi. Dakika tumemleta ukumbini, kwenye benchi lake la zamani chini ya saa, amevaa shati ambalo dada yake amelishona wiki hii. Mikono iko magotini. Nilipanda kiti ili niirekebishe ile saa, angalau nifanye jambo moja sawasawa, lakini fundi akanivuta suruali.

"Iache! Iache hivyo hivyo. Akija kuulizwa saa, apate cha kugombea."

Nikashuka. Sasa fundi anakwenda getini, anarudi, anamnyoosha mdogo wake kola, anakwenda tena. Saa ya ukutani inaonyesha saa nane na nusu. Kwa saa ya kweli, ni saa tisa kasoro dakika kumi.