Miti ya Mama Kwenye Ramani ya Dada

Dada yangu mkubwa amesoma mpaka macho yakaomba miwani, na kazi yake ni kuitazama ardhi kutoka juu. Anashinda kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, feni inalalamika juu ya kichwa chake, anafungua picha mbili za setilaiti, ya zamani na ya sasa. Kompyuta inazilinganisha kipande kwa kipande. Palipokuwa na msitu na sasa hapana, panapakwa rangi nyekundu. Ramani ikikamilika inakwenda idara ya misitu, na hao wakiona nyekundu, wanakuja na magari.

Tulikuwa tukimtania: "Wewe unaona nchi nzima, ila chumvi hapo mezani huioni!" Anacheka mpaka anashika mbavu.

Mwaka jana picha za msimu wa mvua zilijaa mawingu matupu. Bosi wao, ambaye ofisi nzima inamwita Imepita kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali, akataka ramani haraka. Dada akachukua picha ya kiangazi, akailinganisha na ya zamani iliyopigwa mvua zikiwa zimekolea. Wakibanwa hufanya hivyo wote. Basi kila mti unaopukutisha majani wakati wa jua kali ukaonekana umekatwa.

Na miti ya mama inapukutisha. Marehemu baba aliipanda kutoka uani mpaka bondeni, kando ya hifadhi. Hati ya pale hatukuwahi kupewa, tulipewa ruhusa ya kuishi mradi miti isimame. Dada alipopaka nyekundu alikuwa na maelfu ya madoa mbele yake, wala hakujua lipi ni kwao.

Akajua mama alipopiga simu. "Mwanangu, wamekuja watu na ramani. Wanasema nimefyeka msitu. Msitu gani jamani? Miti si hii hapa nimeiegemea?"

Kwenye simu hiyo tukamsikia na ofisa mmoja wao akimjibu: "Mama, sikutumwa kuhesabu miti. Nimetumwa kuwahamisha."

Dada akakimbilia kwa Imepita. "Bosi, kosa ni langu. Tumelinganisha kiangazi na mvua. Ile miti ipo, haina majani tu."

"Ramani imepita."

"Mama yangu anaishi pale, bosi."

"Pole sana. Lakini imepita."

Pole! Akae nayo pole yake. Dada alipanda ngazi na kushuka, ofisi hii inamtupia ile, njoo kesho, njoo keshokutwa, na huku nyumba ya mama ikabomolewa. Mama akahamia kwa dada, chumba kimoja na wajukuu. Kule kwetu kukabaki bila mtu. Nyie mnawajua watu wa mbao. Wakaingia na misumeno yao, na wale waliokuja na magari kumtoa mama, safari hii hawakuonekana.

Sisi hatukuwa na habari. Malalamiko ya dada yalipokubaliwa hatimaye, akaambiwa aende mwenyewe kukagua ardhini, mama alimkumbatia, wakacheza pale sebuleni kama watoto.

Dada alifika kule akakuta visiki. Ukaguzi ni ukaguzi, unaandika unachokiona. Akaandika: hakuna miti. Kompyuta ikajibu: ramani ni sahihi.

Imepita akampa mkono mbele ya ofisi nzima. "Unaona? Ulijitia presha bure. Kazi yako safi kabisa." Wenzake wakapiga makofi, mbwa wale.

Siku hizi dada akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, mama anamuuliza, "Mmesharekebisha ramani?"

"Bado, mama."

"Wahimize basi. Mvua zimeshanyesha, majani yatakuwa yamerudi."

Dada anaingia bafuni, anafungua bomba mpaka mwisho, na hatoki upesi.