Mikono Yako Hatuioni

Nilipokuwa nafundisha Kiswahili wanafunzi viziwi mjini Garissa, nilikuwa na msichana mmoja, binti wa mfugaji wa Bura. Kwa ishara alisimulia vizuri kuliko wote, lakini daftarini aliandika, "Mbuzi kufa, mvua hapana, baba lia." Lugha ya ishara haina viambishi vya Kiswahili, naye hakuwahi kukisikia Kiswahili kikisemwa.

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri tuliketi pamoja. Alisimulia kwa mikono, nikaandika sentensi moja, naye akaandika iliyofuata. Alifuta na kurudia mpaka karatasi ikatoboka.

Muhula wa tatu niliwaambia wanafunzi waandike barua ya malalamiko kwa mtu yeyote. Yeye aliniandikia mimi: "Mwalimu, ukitazama ubao unaendelea kutoa ishara. Mikono yako hatuioni. Tafadhali tugeukie kwanza."

Niliona haya kidogo, maana alisema kweli. Lakini kila kiambishi kilikaa mahali pake, na fahari niliyoisikia sijui niifananishe na nini.

Baba yake alipokuja kumchukua likizo, aliniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto naandika kweli?"

Nikamsomea barua yote. Akaingiwa na wasiwasi. "Amekukosea?"

"Hapana, mzee. Amenisahihisha."

Alimtazama bintiye, akatabasamu. Kisha akaniomba nimsomee tena, polepole.